PhET: mkombozi wa mwalimu wa fizikia asiye na maabara

Walimu wenzangu wa sayansi, kama maabara ya shule yenu ni chumba chenye kabati na kufuli tu basi hii kitu itawafaa. PhET ni tovuti ya simulesheni, yaani majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye kompyuta, ni ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kule Marekani, aliianzisha Carl Wieman mwaka 2002, yule mwenye Nobel ya fizikia, na ni bure kabisa, hamna kujisajili wala nini, unafungua tu unaanza.

Mi naitumia zaidi ile simulesheni ya saketi, kidato cha pili kwenye umeme. Unavuta betri, waya, balbu na swichi unaunganisha mwenyewe, unaona elektroni zinatembea ndani ya waya, ukiongeza volti zinakimbia, halafu ukiunganisha waya kutoka upande mmoja wa betri hadi upande wa pili bila balbu katikati, betri inawaka moto, darasa zima linapiga kelele na somo la shoti limeshaingia hapo. Kajaribu hiyo na betri ya kweli uone mkuu wa shule atakwambia nini 😅

Bando nalo halikusumbui, unadaunlodi mara moja unaweka kwenye flashi, basi. Zingine zina Kiswahili pia.

Ila kwenye simu ndogo ni shida, vidole vinafunika kila kitu, tafuta laptopu hata moja wakae kwa makundi. Na msiache vifaa vya kweli jamani, kwenye praktiko ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) mtoto anatakiwa aishike ammita kwa mkono wake.