Shopingi senta ya mtaa au supamaketi kubwa?

Nairobi watu bado wanazipenda zile shopingi senta za esteti, bucha, kinyozi na fundi viatu wamepangana mlango kwa mlango. Bei? Ukinunua ya mwezi mzima supamaketi inashinda, Carrefour tangu iingie 2016 ofa haziishi, lakini ukitaka sukari robo ama kukopa hadi mwisho wa mwezi, utamwambia keshia gani? Kutegemeka ndo kuna stori: supamaketi ya Nakumatt na ukubwa wake wote ilianguka, Tuskys ikafuata, mwenye duka pale kona bado yupo. Stima zikipotea jenereta ya supamaketi inawaka, maziwa yanabaki baridi. Una gari na familia kubwa, enda kule. Unalipwa kwa siku, kaa na duka lako, ukilipa deni mapema unaongezewa nyanya.