Kulala katika nyumba za wageni za Lamu: yaliyonipendeza na yaliyonichosha

Kila ninapokwenda Lamu huchagua kulala katika nyumba za kale zinazopokea wageni, ambazo bei ya chumba huwa imejumlisha chai ya asubuhi. Nimekaa katika nyumba kadhaa za aina hiyo, katika mtaa wa Mkomani mjini Lamu na katika kijiji jirani cha Shela, na nimeona kwamba kinachotofautisha nyumba moja na nyingine si uzuri wa picha zake, bali ni kama mwenye nyumba anaishi humo humo.

Nyumba zenyewe zinastahili sifa. Mji wa Kale uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na kulala ndani ya kuta hizo nene za mawe ya matumbawe, chini ya dari ya boriti za mikoko, ni jambo ambalo hoteli mpya haiwezi kuliuza. Chumba cha chini kinachofunguka kwenye ua wa ndani hubaki na ubaridi hata mwezi wa Machi, joto linapokuwa kali, bila kiyoyozi.

Hata hivyo, kinachonirudisha ni staftahi. Katika nyumba moja ya Mkomani, mama mwenye nyumba alikuwa akiloweka mbaazi tangu usiku, akazichemsha hadi zikalainika kabisa, kisha akamimina tui zito mwishoni, moto ukiwa mdogo ili lisikatike. Mahamri yalitoka kwenye karai yakiwa yamevimba na kunukia iliki, na kila nilipomwamkia, “Shikamoo mama,” aliitikia huku akiniongezea sahani. Ni yeye aliyenizuia kumlipa nahodha aliyetaka kunipeleka magofu ya Takwa, kisiwani Manda, saa ambayo maji yalikuwa yanatoka. Alinieleza kwamba mkono wa bahari unaopita kwenye mikoko hupitika vizuri maji yakijaa, akanitafutia mashua ya jirani yake kwa saa iliyofaa. Msaada wa namna hiyo hauandikwi kwenye bei.

Nyumba nyingine, ambayo mwenyewe alikuwa mbali na kazi yote ameachiwa mwangalizi, ilinisikitisha. Chai ilikuwa ya majani ya mfuko katika maji yaliyokwisha kupoa, mkate ulikuwa wa dukani, tangi la maji lilikauka kabla ya adhuhuri na hapakuwa na mtu wa kuuliza. Nililipa karibu sawa na kule nilikokula mbaazi za nazi, na hilo naliona kuwa si haki kwa mgeni.

Kuna pia kero zinazotokana na ujenzi, ambazo hata mwenyeji mwema hawezi kuziondoa. Ua wa ndani hupeleka sauti kila upande, kwa hiyo mazungumzo ya wageni wa chumba cha jirani utayasikia, nao watayasikia yako. Wanandoa wanaotaka faragha walizingatie hilo. Adhana ya alfajiri mimi huipenda, lakini punda huanza kulia kabla yake. Maji ya bafuni katika baadhi ya nyumba yana chumvi. Kwa kuwa gari haliingii katika vichochoro, mizigo inayotoka gatini hubebwa na hamali au punda, na afadhali kumwomba mwenye nyumba amtume mtu anayemfahamu, na ujira upatanwe mapema.

Ngazi ndizo zinazonipa wasiwasi zaidi. Ni nyembamba, zimesimama wima, na mara nyingi hazina pa kushika, ilhali vyumba vinavyosifiwa kwa upepo na mandhari viko juu kabisa, chini ya makuti. Mimi nitaendelea kupanda, lakini nikimpeleka mama yangu nitamchukulia chumba cha chini chenye choo chake, hata kama kina giza kidogo na upepo wa kusi haukifikii.