Uzoefu wangu: Route 66 ya Arizona kwa gari la kukodi, Holbrook hadi Topock

Anayetaka kuifuata Route 66 yote, barabara ya kale ya Marekani kutoka Chicago hadi Santa Monica, ajue inakaribia kilomita 3,940, na sehemu kubwa ataiendesha kando ya barabara kuu ya kisasa akitazama malori. Ilipewa namba mwaka 1926, ikafutwa rasmi mwaka 1985, na kilichobaki ni vipande. Kwa mwenye siku tatu napendekeza Arizona peke yake: kuanzia magharibi kidogo ya Ash Fork hadi Topock, mpakani na California, kuna maili 158 hivi, yaani kilomita 254, za lami ya zamani. Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imeliwa na gharama za gari.

Gari lenyewe kwanza. Kuchukua Phoenix na kurudisha Las Vegas kunaokoa mafuta na muda, lakini ada ya kurudishia mji mwingine inaweza kuzidi kodi ya siku nzima, kwa hiyo linganisha bei ya jumla, si bei ya siku. Ofisi za uwanja wa ndege huongeza tozo zake. Za mjini mara nyingi ni nafuu. Kampuni nyingi zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva na hushikilia amana hadi gari lirudi. Mwenye umri chini ya miaka 25 huongezewa ada ya kila siku. Soma mkataba kuhusu barabara za vumbi: ukiharibikiwa huko, bima mara nyingi haikuhusu.

Waliozoea kuendesha upande wa kushoto, yaani Tanzania, Kenya na Uganda, watawasha waipa kila wakitaka indiketa. Hilo ni la kuchekesha tu. Hatari iko kwenye kona ya kushoto, hasa asubuhi unapotoka sheli na barabara ni tupu, hakuna gari la kukukumbusha upande. Dereva awe karibu na mstari wa katikati ya barabara, abiria wake karibu na ukingo. Hiyo ndiyo kanuni rahisi. (Wa Bujumbura, Kigali na Bukavu waruke aya hii.) Kwenye taa nyekundu unaruhusiwa kukata kulia baada ya kusimama kabisa, isipokuwa kibao kikikataza.

Mafuta huuzwa kwa galoni, lita 3.8 hivi. Pampu nyingi huuliza namba ya posta ya mwenye kadi, na kadi ya benki ya nje hukwama hapo. Usihangaike nayo. Ingia ndani, taja namba ya pampu na kiasi unachotaka, lipa, ujaze.

Ramani ya simu ndiyo inayowapotezea watu safari. Ukiandika Kingman itakupeleka I-40, ile barabara kuu ya kisasa, moja kwa moja, na ukiiambia ikwepe barabara kuu inaweza kukutupa kwenye njia ya vumbi. Tumia namba za kutokea kwenye I-40 (vibao vya Exit): 139 kwa Crookton Road kuelekea Seligman, 44 baada ya Kingman kuelekea Oatman. Pakua ramani mapema, kwa sababu mtandao hukatika kabla na baada ya Peach Springs.

Upande wa Holbrook, anzia Petrified Forest, kutokea namba 311. Ndiyo hifadhi pekee ya taifa yenye kipande cha Route 66 ndani yake: utaona gari la Studebaker la 1932 lililokufa kutu, na nguzo za simu zilizobaki zikionyesha barabara ilikopita. Geti hufungwa jioni, na kuokota hata kipande kidogo cha mti uliogeuka jiwe ni kosa la jinai. Mjini Holbrook kuna Wigwam Motel ya 1950, vyumba 15 vya zege vyenye umbo la hema la Wahindi Wekundu, magari ya kale yameegeshwa mbele. Chumba ni kidogo na kuta zimelala, mtu mrefu atagonga kichwa bafuni. Reli iko karibu. Asiyelala kwa kelele apitie tu kupiga picha.

Jack Rabbit, karibu na Joseph City, ni duka la sungura mkubwa wa kukaliwa mgongoni. Dakika kumi zinatosha. Mji wa Winslow hali kadhalika. Kimondo cha Meteor Crater kimeacha shimo la zaidi ya kilomita moja kwa upana na linastahili kuonwa, ila ni mali ya familia binafsi: pasi ya hifadhi za taifa haifanyi kazi na kiingilio si cha mchezo.

Seligman ndiko utani wa barabara hii ulikokolea. Kinyozi wa hapo, Angel Delgadillo, ndiye aliyeongoza kuanzishwa kwa chama cha kuihifadhi mwaka 1987, baada ya I-40 kuunyima mji wateja. Mgahawa wa kaka yake Juan, Snow Cap wa 1953, una mlango wenye vitasa viwili, kimoja cha bandia, na chupa ya haradali inayokurushia uzi badala ya mchuzi. Asiyekula nguruwe aulize mafuta ya kupikia maharage.

Kutoka hapo hadi Kingman ni maili 87, dhidi ya 70 hivi za I-40. Jaza tangi Kingman, maana Oatman hakuna sheli.

Sasa Sitgreaves Pass, njia ya mlimani kati ya Kingman na Oatman, mita 1,080 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapa ndipo pesa yako inapoonekana. Lami ni nyembamba, kona ni za kuzunguka kabisa, na sehemu nyingi hazina chuma cha pembeni. Magari ya zaidi ya futi 40 hayaruhusiwi. Kwenye Ford Model T, gari la enzi hizo, mafuta yalishuka yenyewe kutoka tangi lililo chini ya kiti, kwa hiyo pua ikiinuka injini ilikosa mafuta. Madereva walipanda kinyumenyume. Wewe panda kwa gea ya chini, na mteremko usiushuke kwa breki tupu: zikichemka zinalegea. Julai hadi Septemba anza asubuhi. Jua liko mgongoni, na mvua za ghafla huja mchana na kufurika kwenye mabonde ya barabara.

Oatman ni mji wa wachimba dhahabu uliobaki na punda mwitu, wazao wa punda wa wachimbaji. Mtu wa Lamu atashangaa watu wanasafiri mabara kuja kuona hili. Punda huingia asubuhi na kurudi milimani jioni. Wanapiga mateke na kuuma, na watoto wao hubandikwa karatasi kwenye paji la uso ya kukataza kuwalisha. Funga vioo vya gari. Vichwa huingia dirishani.

Topock hadi Las Vegas ni chini ya saa mbili kwa gari. Angalia saa: Arizona haibadilishi majira, isipokuwa ardhi ya Wanavajo. Kiangazi Las Vegas iko sawa na Arizona, kipupwe iko nyuma saa moja, kwa hiyo majira hayo saa za ofisi ya gari hukupendelea.