Fundi wa mashine za boti Kibirizi, na kwadi yangu iliyokuwa inang'oa meno

Kama umefunga injini ya tustroki (ile ya mafuta yaliyochanganywa na oili) kwenye chombo ambacho kiwanda hakikuifikiria, na sasa inakutikisa mpaka fizi, hapa Kigoma ipeleke kwenye banda la mabati upande wa Kibirizi, karibu na wanakoshusha dagaa. Halina kibao. Ulizia mzee wa mashine za boti anayegusa na pikipiki, utaonyeshwa. Nampa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja iliyobaki nitasema imeangukia wapi.

Chombo chenyewe ni kwadi, yaani pikipiki ya magurudumu manne, ya kuchomelea. Fremu ni ya bomba, sehemu ya mbele imetoka kwenye kwadi ya Kichina iliyokufa, ekseli ya nyuma nilichongesha kwa fundi tona, mchonga vyuma kwa mashine, pale Mwanga. Injini ni Yamaha DT175 ya kupozwa na upepo, silinda moja, pistoni ya milimita 66 inayopanda na kushuka milimita 50. Nabebea madumu ya mawese kutoka Simbo. Nguvu inayo, hilo sina neno. Lakini ikifika mwendo wa kupandia kilima mikono inakufa ganzi, kabureta inachemsha povu, na kwenye kioo cha pembeni kila mtu ana pacha wake. Bolti za taa zilikatika. Tangi likapasuka kwenye kona.

Kuna gereji ya mjini, sitaitaja, iliniuzia dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Wakainua injini, wakaweka raba laini kila ilipofungwa, wakachukua hela. Ikiwa inanguruma bila mzigo, injini nzima ilikuwa inacheza ngoma. Ukivuta mafuta inavutwa nyuma, cheni inalegea, inaruka meno. Raba nikazing'oa mwenyewe.

Mzee wa Kibirizi alisikiliza injini kidogo, akaizima, akauliza, "Mwanangu, nani kakwambia ugonjwa uko kwenye raba?"

Hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Hakugusa fremu kwanza, alifungua injini. Krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, akailaza juu ya vyuma viwili vyenye mkato wa V, akasogeza ile saa ya kupimia mpaka ncha yake ikagusa shafti, akaanza kuizungusha kwa kidole taratibu. Kila mstari kwenye saa hiyo ni milimita 0.01. Mshale ukapanda mistari sita, ukarudi. Akaweka alama ya chaki pale ulipopanda zaidi, akashika krenki mkononi ikining'inia, akaipiga nyundo ya shaba mara moja, pembeni. Akapima. Akapiga tena, safari hii kwa upole kama anagonga mlango wa mkwe. Mshale ukatulia kwenye mistari miwili. Krenki za injini hizi ni vipande vilivyoshindiliwa pamoja, kwa hiyo zinaweza kujipinda kwenye maungio, na zinaweza kurudishwa. Bering kubwa zote mbili alizikataa, akanituma nikanunue zenye maandishi ya C3, ambazo zina nafasi zaidi ndani ya kupanuka zikipata joto.

Nilimuuliza kama sasa itatulia kabisa. Akacheka. Injini ya silinda moja isiyo na shafti ya kusawazisha haiponi, alisema, inatulizwa tu. Pistoni inasimama juu, inageuka, inasimama chini, inageuka. Mizunguko 6,000 kwa dakika ni mara 100 kila sekunde. Ule uzito uliowekwa upande wa pili wa krenki unafuta sehemu tu ya vurugu hiyo, kwa kawaida kama nusu. Ukiongeza uzito ili ufute yote ya juu na chini, mtikisiko haufi, unahamia mbele na nyuma. Wenye silinda mbili wana nafuu: mashine ya boti ya Enduro 40, au kwadi ya Yamaha Banshee tunayoiona kwenye simu, pistoni moja ikipanda nyingine inashuka, zinasaidiana. Hata hizo zinayumba kidogo kwa upande.

Baadaye ikaja zamu ya fremu, na hapa nilipata burudani. Aliwasha injini, akachukua kizibo cha soda chenye maji, akakipitisha bomba baada ya bomba huku kijana wake akivuta mafuta polepole. Sehemu nyingine maji yanatetema tu. Kwenye mabomba mawili marefu chini ya kiti, ikifika sauti ile ile ninayoijua ya kilimani, maji yaliruka yote nje. Bomba refu lisilo na kitu katikati lina mdundo wake, na injini ikiufikia mdundo huo vinapandishana. Akachomelea bomba fupi la kukatiza, mdundo ukasogea juu ya kasi ninayoitumia. Matundu ya bolti za injini yalikuwa yameshakuwa mayai, akayaziba kwa bushi za chuma zilizobana.

Halafu akatengeneza kile ambacho kwa maoni yangu kimefanya kazi kuliko vyote: mkono wa bamba kutoka kichwa cha silinda kwenda bomba la juu. Kwenye mkono huo ndipo alipoweka raba, na ni ngumu. Chini injini imefungwa chuma kwa chuma. Raba laini, alivyonieleza, inasaidia pale tu injini inapozunguka haraka kwa mbali kuliko injini hiyo hiyo inavyonesa juu ya raba zake. Chini ya hapo inaongeza fujo. Mashine ya boti inavumilia raba kwa sababu inasukuma maji, haina cheni inayoivuta upande mmoja. Raba nyingine alizitia chini ya tangi na kwenye vishikio vya usukani.

Sproketi ya mbele, gurudumu la meno linalovuta cheni, tuliibadili kutoka meno 15 kwenda 16. Kwa mwendo ule ule mizunguko inapungua kama asilimia 6, na kwa kuwa nguvu ya mtikisiko inakua kwa kasi zidisha kasi, mtikisiko unapungua karibu asilimia 12. Kwa sproketi ya bei ya chai na chapati za kikundi, siyo mbaya. Mlima mkali na madumu yamejaa, sasa naingiza gia ya chini mapema zaidi.

Matokeo: mikono haifi ganzi tena, kabureta haina povu, tangi limeshika. Ukikamua mafuta hadi mwisho bado unausikia mtikisiko miguuni. Kioo kinaonyesha mtu mmoja mmoja, ingawa hana sura.

Nyota iliyopotea ni ya muda. Ukiambiwa kesho, usiulize ya wapi. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa taa hawatoki ziwani, na mashine zote zinakuja kupangwa mlangoni kwake. Kwadi yako itasukumwa mpaka kwenye matundu ya kuku. Mpelekee kipindi cha giza, wavuvi wakiwa kazini. Tena anachomelea vizuri lakini hapaki rangi, na kwa unyevu wa ziwa kutu haichelewi. Risiti hana.

Kunyoosha krenki na kuirudisha ndani nililipa 120,000, fremu pamoja na ule mkono 70,000. Bering na sili unanunua mwenyewe, na anazikagua kabla hajakubali kuzifunga. Hapokei chombo bila kukisikia kikiwaka, kwa hiyo nenda na mafuta yakiwa yameshachanganywa na oili.