Stendi ya chuma ya tenki la samaki la futi mbili: imara, ila juu imepelea

Nimeitumia hii stendi muda wa kutosha sasa naweza kuiongelea. Ni zile nyeusi za skwea paipu (bomba la pembe nne) ya inchi moja zinazouzwa tayari kwenye maduka ya samaki wa mapambo hapa Dar, miguu minne, chini ina shelfu ya kuwekea chakula na vifaa, mimi niliinunua shilingi 85,000. Uchomeleaji kwakweli mzuri, kona zote zimesagwa hazikwaruzi mkono, rangi imeshika na ukiitikisa haichezi. Kwenye nguvu sina wasiwasi nayo.

Shida iko juu. Inauzwa kama stendi ya futi mbili lakini ukishusha futikamba unakuta sentimita 57 kwa 28, wakati tenki la futi mbili wanalouza hapohapo dukani ni 60 kwa 30. Yaani kioo kinatokeza nje sentimita moja na nusu kila ncha, mbele na nyuma kinatokeza sentimita moja moja. Muuzaji anakwambia hamna shida ndugu yangu hiyo ni kidogo tu, weka. Jamani msiweke hivohivo! Tenki la 60 kwa 30, kimo 35, ukijaza ukabakiza vidole viwili linaingia kama lita 55, na lita ya maji ni kilo moja, jumlisha kioo chenyewe kama kilo kumi, jumlisha changarawe na mawe, hapo unaongelea kilo sabini na kitu. Na haya matenki yasiyo na fremu ya plastiki yanataka kioo cha chini kilale chote kwenye kitu kilichonyooka, sasa kingo zikiwa hewani na katikati pako wazi na chuma kinagusa sehemu chache tu, kioo kinapindwa, silikoni ya kona inavutika, na mbaya zaidi kinaweza kisipasuke siku hiyo, kikasubiri ukasahau kabisa.

Ila stendi haifai kutupwa kwa ajili ya hiyo. Nenda kwa maseremala, mimi nilienda Keko, omba kipande cha marini plaiwudi, ile inayostahimili maji, ya milimita 18, wakukatie 62 kwa 32 ili tenki lote likae ndani ya ubao. Kipande na kukata nilitoa 15,000. Usikubali MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, hata wakikubembeleza na bei maana ikinyonya maji inavimba, na maji lazima yatamwagika tu siku za kubadilisha. Kabla hujalipa laza rula ndefu ya chuma juu ya ubao, ukiona mwanga unapita chini ya rula ubao umepinda, chagua mwingine. Kingo zipige vanishi mara mbili. Halafu ufunge kwenye stendi kwa chini na skrubu fupi na vile vyuma vya kona, usiuache unaelea, siku mtu akisukuma tenki kidogo ubao utateleza na kila kitu.

Juu ya ubao nimeweka mkeka wa yoga niliokata saizi ya tenki, unameza vijiwe na vinundu vidogo. Hiyo ni kwa tenki lisilo na fremu tu. Lenye fremu ya plastiki chini usiliwekee, lile limetengenezwa kukalia fremu yake na mkeka unaweza kusukuma kioo cha katikati.

Kitu kingine ambacho naona ni kikubwa kuliko hata urefu ni hiki kina cha mbele hadi nyuma cha sentimita 28. Stendi ni ndefu kwenda juu na nyembamba, kwahiyo hatari yake ni kuangukia mbele, na nyumba yenye watoto wanaojishikilia kwenye kila kitu usilale usingizi. Nimeifunga ukutani kwa nyuma na vyuma vya kona viwili, skrubu na fisha (vile vya plastiki vya kushikia skrubu ukutani), imetulia. Sakafu ya taili ikiwa haiko sawa weka vipande vya kuinulia chini ya miguu ya stendi, usije ukavichomeka chini ya tenki. Jaza maji nusu kwanza, angalia usawa kwa pimamaji pande zote, liache mpaka kesho, ukiona liko sawa ndo umalizie na uweke samaki wako.

Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Ingekuwa nne na nusu kama wangeandika vipimo halisi, maana mteja asiyepima ataenda nayo nyumbani akiamini ni futi mbili kweli. Na hii ya ubao ni kwa upungufu wa sentimita chache kama huu wangu, kama tenki lako ni la futi mbili na nusu au tatu achana nayo kabisa, kachomeleshe stendi ya vipimo vyako.