Escudo ya 1996 na RAV4 ya 2008: ipi inafaa kwa barabara za Mtwara?

Kwa majuma matatu nimeendesha magari mawili kwa zamu hapa Mtwara: Suzuki Escudo ya mwaka 1996 ya mjomba wangu, yenye injini ya cc 1,590 na gia za mkono, na Toyota RAV4 yangu ya mwaka 2008, yenye injini ya cc 2,362 na giaboksi ya otomatiki. Yote mawili huuzwa kwa sifa ya kusukumwa na magurudumu manne, na sifa hiyo moja ndiyo inayowapotosha wanunuzi, kwa kuwa namna nguvu inavyozifikia tairi haifanani hata kidogo.

Escudo husukumwa na tairi za nyuma mpaka dereva mwenyewe avute leva ya pili iliyo kando ya ile ya gia. Hapo mbele na nyuma hufungwa pamoja, bila difu ya kati (kifaa kinachoziruhusu tairi za mbele na za nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti), na ndiyo maana haifai kuiendesha hivyo kwenye lami kavu: gari linapokata kona, tairi za mbele hupita njia ndefu kuliko za nyuma, na tofauti hiyo isipopata pa kutokea hukaza shafti na kula tairi. Leva hiyo hiyo ina gia nzito ya kutembea polepole kwa nguvu nyingi. RAV4 huvutwa na tairi za mbele. Zikianza kuteleza, kompyuta hupeleka sehemu ya nguvu nyuma. Ina kitufe cha kufunga mgawanyo huo, lakini hujifungua mwendo unapozidi kilomita 40 kwa saa, na gia nzito haina.

Kutoka Mtwara hadi Lindi, ambako ni lami tupu, sina la kubishania: RAV4 imetulia, iko kimya, na huyapita malori ya korosho bila kuhangaika, ilhali Escudo hunguruma na kunesa kwenye kila kiraka.

Msimbati, kijiji cha pwani mkoani Mtwara, ni habari nyingine. Magari yaendayo Ruvula hupita juu ya mchanga wa ufukweni, na mchanga huo hauhitaji kasi bali nguvu inayotoka taratibu bila kukatika. Nilipunguza upepo wa tairi katika magari yote mawili. RAV4 ilipita pale maji yalipokupwa na kuacha mchanga mgumu, lakini kwenye mchanga mkavu ilinilazimu kukanyaga mafuta sana, na tairi zikianza kuchimba gari huzama mpaka tumbo. Escudo, nyepesi na iliyowekwa gia nzito, ilitambaa pale pale bila mimi kugusa breki wala kuongeza mafuta. Nilifurahi kweli kweli.

Kwa hiyo mwenye shamba ndani ya vijiji vya Newala au Tandahimba namshauri Escudo, licha ya umri wake. Kabla ya kulipa, aijaribu leva hiyo akiwa kwenye mchanga, si kwenye lami, na fundi achungulie chini kuona kama shafti ya mbele inazunguka na kama chasisi haijaliwa na kutu ya chumvi ya bahari.