Presha ya macho: matone au leza?

Matone ya timolol yanaonekana mepesi: unadondosha, unapanda daladala. Ila yanaweza kumbana kifua mwenye pumu na kupunguza mapigo ya moyo, na chupa ikiisha lazima urudi duka la dawa.

Leza ya SLT, yaani mwanga unaolenga njia ya kutolea maji ya jicho ili presha ishuke, huchukua dakika chache. Baadaye jicho huweza kuwa jekundu, kuuma kidogo na kuona ukungu kwa siku kadhaa. Presha nayo huweza kupanda saa za mwanzo, kwa hiyo usikimbilie Mbagala kabla hujapimwa tena. Nguvu ya leza hupungua miaka ikipita.

Katika utafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, uliochapishwa 2021, baada ya mwaka leza ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho, timolol 31. Mwenye pumu ningemwambia aulizie leza kwanza.